Mrushaji na Waangusha Mipira Wake

Nianze na aibu yangu, maana nisipoisema mimi, jirani yangu wa chini ataisema, na yeye huongeza chumvi. Muda mfupi baada ya kuhamia ghorofa hili la Merrylands, huku ughaibuni, niliifunga televisheni yangu kwa shuka la maua nikaificha kabatini, chini ya magauni, kwa sababu ya mzee mmoja na vijana watatu waliokuwa wamechuchumaa kwenye maegesho ya magari.

Nilikuwa dirishani, kwenye cherehani, ambako ndiko niliko siku zote. Mimi ni fundi wa nyumbani. Napunguza suruali, nabadilisha zipu, napandisha pindo za mapazia. Kutoka nje ni jambo la kengele ya moto, na hata ikilia huwa nasubiri kwanza nione kama ina nia. Basi yule mzee alikuwa amewakusanya wenzake kando ya mapipa ya taka, anachora kiganjani kwa kidole, na upepo ukaniletea sauti yake kwa Kiswahili safi: "Wewe pita kushoto, ubavuni mwa ukuta. Wewe ukifika kwenye lile gari jeupe, kata kulia, usigeuke nyuma. Mimi nawasubiri hapa. Nikisema sasa, ni sasa."

Nina cheti cha kidato cha nne. Mpango wa wizi nikiusikia naujua. Nikamwita Mama Neema wa chini, Mkongo wa Kivu anayefanya kazi ya kutunza wazee, mtu ambaye upole wake wote huuacha kazini. Akapanda, akasimama dirishani kwangu, akatazama.

"Weye dada, mwizi gani anavaa kaptula ya kubana na namba ku mugongo?"

"Hiyo ndiyo mbinu yenyewe," nikamwambia.

Wiki iliyofuata mlango ukagongwa. Yule mzee wa mapipa, na mkononi fulana za michezo zilizochanika, ameambiwa kwenye ghorofa hili kuna fundi anayeongea Kiswahili. Kabla hajakaa akatazama ukuta mtupu, akatazama waya uliochungulia chini ya mlango wa kabati.

"Televisheni yako imelala mapema," akasema. Siku zile hakuna kilichompita.

Nitamwita Mrushaji, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake uwanjani na ndivyo mtaa mzima ulivyomtambua. Mchezo wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu zenye vyuma usoni na mpira wenye umbo la yai la bata. Wanauita mpira wa miguu, na miguu haiugusi ila kwa bahati. Mtu mmoja anasimama nyuma ya ukuta wa vijana wakubwa, wengi wao Wasamoa, wanaomkinga asiangushwe. Wapokeaji wake wanakimbia mbele, naye anawarushia. Ni hayo tu. Mengine yote ni watu kugongana. Katika jiji ambalo kila mtu ana mpira wake wa mikono, raga ya aina hii au ile, na ugomvi wake juu yake, Mrushaji na klabu yao ndogo waliupenda huu usiotazamwa na mtu, na yeye aliucheza mpaka umri ambao wenzake wanacheza bao.

Mkono huo aliutoa wapi? Ukimuuliza alisema aliuokota kwenye mashamba ya mpunga, akiamia ndege kwa kombeo. Hakuongeza. Na mimi, mtu akinipa jibu fupi, naanza kutafuta lile refu alilolificha.

Nilimtilia shaka tangu siku hiyo na sikuacha. Kwanza, alikuwa mwema kupita kiasi. Alileta machungwa. Alibeba majokofu ya watu ngazini. Akikuta sindano zangu zimekaa wazi, alizichukua moja baada ya nyingine, akazitunga uzi, akazichomeka kwenye kimto zikiwa tayari, huku akijisifu: "Jicho la kuamia ndege, Fundi. Shomoro hakupata punje." Mwanamume anayekutungia sindano bila kuombwa anataka nini? Nilingoja miaka aniombe kitu. Hakuomba.

Halafu akaacha kuzitunga. Nilipomtania akasema ananilea vibaya, nimezidi uvivu. Nikaandika moyoni: ameanza kubadilika.

Na alibadilika. Akawa hakai popote ila kiti cha pembeni, bega la kushoto limeegemea ukuta, kama mtu aliyekimbiwa na mke. Akaacha gari, akawa anakuja kwa basi, eti mazoezi. Ukikutana naye ngazini hakusalimu mpaka wewe uanze, ndipo anachangamka: "Ah, Fundi! Shikamoo ya nani hii nailipa leo?" Na chai! Alizoea kujimiminia mwenyewe, akaanza kuingiza kidole ndani ya kikombe, kidole kizima, anangoja chai imguse ndipo aache kumimina. Mimi mtu wa Tanga, kikombe kina adabu zake. Nikamsema kwa Mama Neema kwamba uzee umemvua ustaarabu. Mama Neema hakucheka. Aliuliza tu, "Kidole gani?" nikaona swali la kijinga, nikarudi kwenye umbeya wangu.

Alikuwa na misemo. Mmoja ulikuwa, "Mpira ukiwa hewani hauna mwenyewe." Mwingine aliupenda zaidi: "Mpokeaji mzuri ni yule unayejua alipo bila kumtazama." Niliushona huo kwenye kitambaa nikampa siku ya Krismasi. Aliupapasa kwa vidole akasema mishono imenyooka. Hakusema herufi ni nzuri, na zilikuwa nzuri.

Sasa wapokeaji. Hapa lazima nieleze nilivyokuwa naona, maana kesi nzima imejengwa juu ya dirisha langu.

Uwanja uko ng'ambo ya reli. Kutoka kwenye kibaraza changu unaonekana nusu. Nusu nyingine, ile anayosimama Mrushaji, imezibwa na mkaratusi mkubwa ambao manispaa haitaki kuukata. Kwa hiyo nilichokuwa nakiona kila Jumapili ni mpira unaotoka nyuma ya majani, unapaa, na chini yake vijana watatu wa Kiafrika wanahangaika. Mara nyingi unaanguka. Ukianguka nilitoa kichwa nje nikapiga kelele hadi njiwa wanaruka: "Kapakeni ulimbo mikononi!"

Klabu ilikuwa na watu wa kila namna, lakini wapokeaji aliwachagua Mrushaji, na aliwachagua wanaoongea Kiswahili. Alisema ni ili awape maagizo ambayo wapinzani hawaelewi. Nilisema ni upendeleo.

Wa kwanza ni Bosco, Mkongo, muuguza wagonjwa kule Liverpool, kitongoji cha jiji hili hili, si ile ya Waingereza. Mnene kidogo, mwendo wa mtu anayetafuta viatu vyake. Ila mdomo! Anakimbia anapiga kelele, "Papa, ni mimi! Papa, niko huku, ku kona!" kama muuza samaki. Wa pili ni Kamau, Mkenya wa ghalani, ana kasi lakini anapiga miluzi njia nzima, na mikono yake, kwa nilivyoona mimi, aliiazima. Wa tatu ni Yusufu, mwanafunzi kutoka Dar anayeishi Mount Druitt, mrefu, mkimya. Huyo alikuwa mpokeaji. Mpira aliufuata hata ulikokwenda kombo, akaunyanyua kutoka karibu na majani kama mtu anayeokota kitambaa chake. Nilikuwa namshonea fulana kwa mapenzi.

Fulana nazo zilisema kitu, nami sikuzisikiliza. Zote zilikuwa zikichanika kwapani, upande mmoja, kama vijana wote watatu wanajinyoosha kufikia kitu kilichowapita upande huo huo. Nililaumu kiwanda.

Basi msimu uliopita, Mrushaji akamwondoa Yusufu. Akabaki na mpiga kelele na mpiga miluzi, akamwongeza tena Mkongo mwingine mwenye koo la mhubiri. Yusufu alikuja kuchukua fulana yake, akakaa, akanywa maji.

"Kosa lako nini?" nikamuuliza.

"Kaniambia sina sauti, dada."

"Tangu lini mpira unadakwa kwa mdomo?"

Akainua mabega. "Ndiyo hivyo. Kaniambia, 'Mwanangu, wewe ni hodari, lakini unakimbia kama paka.' Nikamwambia nitajitahidi kupiga kelele. Nikipiga kelele nasahau kukimbia."

Hapo nikawa nimemkamata. Mrushaji anazeeka, mipira inaanguka, na kocha, kwa habari za ngazini, ameanza kuuliza kama tatizo ni mkono wa mzee au mikono ya vijana. Mzee amemwona kijana mmoja anayedaka, yaani anayethibitisha kwamba mpira unaweza kudakwa, akamfukuza, akabaki na wabovu wa kubeba lawama. Na nikakumbuka jambo lililokuwa likinikera: vijana wakizomewa, yeye hakuwahi kuwatetea wala kuwalaumu. Alinyamaza. Aliwashika tu mabega akanyamaza. Nikasema, huyu ndiye yule mwema wa machungwa! Anatungia watu sindano, kisha anawaacha vijana wa wenzake watukanwe kwa ajili yake.

Hasira ilinitoa nyumbani. Mechi ya mwisho nilivaa viatu, nikafunga mlango, nikashuka. Mama Neema alikuwa anaanika nguo.

"Nyumba inaungua?" akauliza.

"Naenda mpirani."

Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso kupima homa.

Kwa mara ya kwanza nikasimama upande wa pili wa mkaratusi, ninapomwona yeye na siwaoni vizuri wapokeaji. Na nilichokiona, siku nyingine zote nisingekiamini. Mpira ulifika mikononi mwake. Ukuta wa Wasamoa ukasukumana na wenzao. Mrushaji hakutazama mbele. Alikipinda kichwa, akatega upande wa sikio, kama kuku anayesikiliza mwewe. Huko mbali Bosco anabweka, "Ku kona, papa, ku kona!" Mkono ukaenda nyuma, ukaja mbele, na mpira ukaelekea kwenye ile sauti, mzuri, umenyooka, ila mkono mzima pembeni. Bosco akajitupa. Ukamgonga vidole ukaanguka.

"Sori, papa!" Bosco akapiga kelele. "Kosa langu! Jua limeniingia macho!"

Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Watu wachache waliokuwepo wakamzomea. Mmoja alikuwa na neno baya sana. Mrushaji akatembea mpaka kwa Bosco, akamtafuta bega, akalishika, akanyamaza.

Bosco alipotoka kunywa maji nikamvuta kando.

"Jua gani?"

Akacheka kwanza. Halafu kicheko kikamwisha. "Dada fundi, uko na macho, haina lazima niseme."

"Tangu lini?"

"Iko kitambo. Kamau ndiye aliona wa kwanza. Tulikubaliana, mpira ukianguka ni sisi. Jua, majasho, viatu. Tunasema yoyote."

"Na yeye anajua kuwa mnajua?"

"Yesu wangu! Akijua atakufa na haya." Akarudisha chupa, akaupangusa mdomo. "Asikie tu sauti. Tukimupa sauti, anarusha. Ule mutu alinipokea airport na mafulana matatu, sikukuwa hata na chupi. Nitukanwe, haiko neno."

Akarudi uwanjani akikimbia kwa ule mwendo wake wa kutafuta viatu, na mimi nikasimama na ulimbo wangu umenikauka kooni. Watu niliowaita mikono mibovu walikuwa ndio wapokeaji bora katika jiji zima. Walidaka kila kitu isipokuwa mpira.

Lakini shaka yangu haikulala, ilihamia kiti kingine tu. Kwa sababu muda si mrefu, kijana mmoja wa upande wa pili aliupenya ukuta wa Wasamoa kwa kushoto. Alikuja wazi, peupe, hatua nyingi. Mimi nilimwona. Mtoto aliyekuwa akila barafu kando yangu alimwona. Bosco akapiga kelele, "Papa, kushoto!" na Mrushaji ndio kwanza anageuza sikio. Kilichosikika ni kama mlango wa gari. Alilala kwenye majani. Kamau alifika wa kwanza, kapiga magoti. "Mzae! Mzae, niambie kitu." Kocha akafika akiuliza kwa Kiingereza kama hakumwona yule mtu.

"Nilimwona," Mrushaji akasema akiwa chali. "Nilimwona vizuri sana."

Na vijana wote wakaitikia kwamba ndiyo, alimwona, ni majani yalikuwa na utelezi.

Hao ndio waliompenda. Nilirudi nyumbani nikiwa nawaogopa.

Alikuja siku chache baadaye, asubuhi, anatembea na mbavu zake kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Akakaa kwenye kiti chake, bega ukutani. Fulana aliyoleta ilikuwa imepasuka ubavu mzima wa kushoto.

"Ishone, Fundi. Msimu ujao naihitaji."

Nikaitandika mezani. Nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na hila, "Nitungie sindano basi, kama zamani. Miwani yangu sijui nimeiweka wapi."

Akasogeza kiti mezani. Kisha akanyoosha mkono. Akalowesha uzi mdomoni, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha, akaupeleka uzi. Ukapita pembeni. Akacheka. Akaupeleka tena, ukapita pembeni upande ule ule, upande wa kwapa zote nilizoshona. Akajaribu kulitafuta tundu kwa ukucha. Mwisho akaiweka sindano mezani, taratibu, akihakikisha meza ipo.

"Miwani yako iko kichwani, Fundi."

"Umeiona?"

"Nimeisikia. Inagonga hereni ukiinama."

Nikaivua miwani kichwani, nikaiweka mezani. Ndipo aliposema mwenyewe. Jicho la kushoto limezimika. La kulia linaona kama mtu aliye ndani ya chandarua. Daktari amesema yake ya udaktari, na hakuna la kurudisha.

"Na unataka kurudi uwanjani."

"Msimu mmoja."

"Watakuua."

"Nikiacha kurusha nitakuwa nani? Mzee wa kukaa ndani, anayechungulia watu dirishani?" Akatabasamu. "Samahani, sikukutaja jina."

"Vijana wako wanajua?" nikauliza. Nilikuwa nalijua jibu. Nilitaka kuona kama atalisema.

"Hao? Hawajui kitu. Nimewaficha vizuri." Akapapasa ukingo wa meza. "Usiwaambie. Vijana wazuri mno, Fundi. Ila mikono yao, ah. Kocha kila mwaka ananiambia wabadilishe hawa, wanakuangusha. Nakataa. Hujanisikia hata siku moja nikiwalaumu, au umenisikia? Wakiuangusha nawashika bega, nanyamaza. Mtu asidharauliwe kwa mikono aliyopewa." Akavuta pumzi, mbavu zikamkatisha. "Lakini nakwambia wewe peke yako. Ningepata wapokeaji wa kweli, hata watatu tu, mngeona mkono huu."

Mdomo wangu, ambao mtaa mzima unaujua, ulifunguka. Ulikuwa na kila kitu tayari: jua lililokuwa mgongoni, kwapa za upande mmoja, Bosco na fulana tatu za airport. Nilitazama uso wake ukiwa umeelekea mahali ambapo sauti yangu ilikuwa imetoka mara ya mwisho, ukisubiri nikubali kwamba vijana hawana mikono.

"Wana mikono ya sabuni," nikasema.

Akacheka, akashukuru, akatafuta mlango kwa kufuata ukuta. Nilimsikia akishuka ngazi, mkono ukiteleza juu ya chuma, akimjibu mtu salamu kwa furaha.

Nikavaa miwani, nikatunga uzi mwenyewe, nikaiweka ile fulana chini ya sindano ya cherehani, upande wa kushoto. Nilijiambia ni kazi kama kazi nyingine. Mshono wa kwanza ulikuwa umeshaingia nilipoinua macho nikamwona Mama Neema mlangoni, amekuja kuchukua sketi yake. Kwa jinsi alivyosimama nikajua amekuwepo ngazini muda wote, na yule aliyesalimiwa kwa furaha alikuwa yeye. Mama Neema ambaye kila siku anawamiminia chai wazee wasioona, aliyewahi kuniuliza ni kidole gani.

Alikuja mpaka mezani. Akaitazama fulana, akanitazama mimi, nami nikaondoa mguu kwenye pedali.

"Bote munamupenda, bote munamudanganya," akasema. "Weye umuambie ukweli leo, ao uache hiyo shati, umushonee sanda kabisa."